Seva niliyoiua kwa mkono wangu mwenyewe

Najua nimepotea. Wengine mmeulizana pale vimbweta kama nimedisko nikarudi Shinyanga kimyakimya. Hapana wandugu, nipo. UE zimekwisha, projekti imeshawasilishwa, na leo nimeamka na roho nyepesi kiasi cha kuweza kuwasimulia kisa ambacho tangu Aprili 2025 nilikuwa nimekifungia moyoni. Chukueni chai, maana ni kirefu kidogo. Na nyie wa mwaka wa pili ambao mwakani mtapewa projekti, nyie ndo nawalenga zaidi.

Wote mnamjua yule mama anayetuuzia chapati na maharage nje ya geti. Wengi wetu tumeishi ndani ya daftari lake la madeni bumu linapochelewa. Sasa yule mama ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama 23, wauza mboga, washona nguo, wasuka nywele. Mwaka jana aliniona na laptop akaniuliza kama hicho kidude kinaweza kupiga hesabu za hisa na faini, maana daftari lao lilikuwa limelowa mvua mara mbili. Mimi na mwenzangu wa projekti tukatazamana. Hapo hapo projekti ikapatikana.

Tukaandika mfumo kwa Python. Mama anaingiza mchango kwa simu yake, mwanachama anapata risiti, mwisho wa wiki hesabu inajipanga yenyewe. Kwa kuwa laptop yangu si ya kuachwa imewaka usiku na mchana (umeme wenyewe mnaujua), tukakodi mashine kwenye wingu la Amazon, eneo la Cape Town, lililofunguliwa Aprili 2020. Hapa niwape siri ya kujivunia kidogo: EC2, yaani huduma yenyewe ya kukodisha mashine, iliyoanza kutolewa kwa majaribio Agosti 2006, ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na kikundi cha wahandisi waliokaa Cape Town hukohuko, kikiongozwa na Chris Pinkham. Kwa hiyo mtu akikwambia wingu ni mambo ya Marekani tu, mwambie asome vizuri.

Kadi ya kulipia ilikuwa ya dada yangu. Dada alinipa namba za kadi kwa sharti moja: "Usinitie hasara." Lishikeni hilo neno, ndo lililoniponza.

Seva nikaipanga mimi, kwa mkono. Yaani naingia kwa SSH, nasakinisha Ubuntu yangu vitu vyake, Nginx, PostgreSQL, Python, naandika amri moja, inagoma, natafuta mtandaoni, nabandika amri nyingine, inakubali, nalala. Kesho yake naongeza kingine. Wiki mbili za Februari zilikwenda hivyo, mara nyingi saa nane usiku, bando la usiku likiwa rahisi. Ikawaka. Nikaiona kama mtoto wangu. Ukiniuliza nimefanya nini hasa mpaka ikawaka, ningekwambia "nimehangaika nayo" na hilo ndo lilikuwa jibu kamili. Hakuna mahali nilipoandika chochote.

Mwishoni mwa Machi akina mama wakaanza kuutumia. Wiki ya kwanza walijaza huku na kwenye daftari. Wiki ya pili daftari likasahaulika nyumbani. Wiki ya tatu Mama akaniambia, kwa furaha kabisa, "Mwanangu, lile daftari nimewashia jiko." Nikacheka. Nilidhani ni sifa.

Basi bwana, Jumamosi moja ya Aprili usiku nikaingia kuangalia bili. Nikakuta mashine mbili zinawaka: ya kweli, na moja niliyoiwasha kujaribia kitu nikaisahau. Nikamkumbuka dada na neno lake. Moyo ukanienda mbio. Mashine zote mbili hazina majina, nimeziacha na zile namba ndefu za herufi na tarakimu zinazofanana kama mapacha. Nikachagua moja. Nikabonyeza kuiondoa kabisa. Mfumo ukaniuliza, una uhakika? Nikasema ndiyo. Nikalala usingizi mzuri wa mtu aliyeokoa hela ya dada yake.

Asubuhi simu ikaita. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona simu yangu leo inasema haioni kitu?"

Jamani. Kuna ubaridi unaoanzia kwenye utosi ukashuka mpaka kwenye nyayo. Kwa msiojua: ukiondoa kabisa mashine ya EC2, kwa mpangilio wake wa kawaida diski yake kuu inafutwa pamoja nayo. Na sisi hifadhidata tuliiweka kwenye diski hiyohiyo. Nakala ya akiba tulikuwa nayo, ya siku tuliyoanza, yenye majina 23 na sifuri 23.

Sikumlaumu mtu. Hakuna kampuni iliyonikosea. Kitufe kiliniuliza na mimi nikajibu. Mwenzangu nilipompigia alinyamaza muda, halafu akasema, "Mwanangu, twende tukaseme." Namshukuru mpaka leo kwa ile "tukaseme" badala ya "ukaseme".

Tukaenda jioni kwenye kikao chao. Nilitegemea matusi. Mama akatutazama, akauliza swali moja tu: "Hela zipo?" Nikasema hela zipo, kilichopotea ni kumbukumbu. Akasema, "Kama hela zipo, basi sisi wenyewe ndo kumbukumbu." Wakakaa kwenye mkeka, wakatoa simu zao, meseji za miamala zikaanza kusomwa moja moja, na wale waliolipa taslimu wakataja walicholipa, nani alikuwepo, siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha. Mimi naandika. Tulianza saa kumi na moja jioni tukamaliza saa tatu usiku. Wiki tatu zikarudi, isipokuwa shilingi elfu kumi ambazo wawili walizikumbuka tofauti, kila mmoja kwa nia njema. Nilizitoa mimi. Hakuna aliyeniomba. Wiki ile chapati nilikuwa nazitazama kwa mbali.

Nikadhani kazi ngumu imekwisha, kumbe. Sasa ilibidi seva ijengwe upya, na ndo nikagundua sijui nilivyoijenga. Siku nne nzima! Kitu kilichokubali Februari kinagoma Aprili. Ikaja kuwaka, lakini siyo ileile. Risiti zikawa zinaonyesha muda wa saa tatu nyuma. Mtu kalipa saa kumi na moja jioni, risiti inasema saa nane mchana. Mama akaniuliza kwa upole, "Hii mashine yako inaishi nchi gani?" Akina mama wakacheka, nami nikacheka kwa nje. Mashine ilikuwa inafuata saa ya UTC, na programu yetu inasoma saa ya mashine. Ile ya kwanza nilishaibadilisha usiku fulani wa Februari kwa amri moja tu:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Mstari mmoja. Nilikuwa nimeuandika, ukafanya kazi, nikausahau, ukafa na seva. Nikajiuliza kuna mistari mingapi mingine ya namna hiyo iliyokufa bila mimi kujua. Hilo ndo lililoninyima usingizi kuliko hata elfu kumi.

Nilipomweleza msimamizi wetu wa projekti, hakunigombeza. Alisema, "Wewe hukujenga seva. Ulifanya mazungumzo na seva. Sasa nenda ukaiandike." Akaniandikia neno moja kwenye karatasi: Packer.

Packer ni programu iliyotolewa mwaka 2013 na HashiCorp, kampuni ya Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar, ambao walifahamiana wakiwa wanafunzi wa University of Washington kabla ya kuianzisha kampuni mwaka 2012. Wanafunzi kama sisi, jamani. Agosti 2023 kampuni ilibadilisha leseni za programu zake na watu wengi wakanuna, na Februari 2025 IBM ikakamilisha kuinunua. Ila kwa mwanafunzi mwenye projekti yake, Packer bado unaipakua na kuitumia bure.

Inachofanya ni hiki. Unaandika faili moja, kiolezo, linalosema: anza na Ubuntu fulani, fanya hiki, kisha hiki, kisha hiki. Unaandika packer build. Yenyewe inawasha mashine ya muda kule kwenye wingu, inatengeneza ufunguo wa muda, inaingia kwa SSH, inafanya kila ulichoandika bila kuruka mstari, inaizima mashine, inaipiga picha diski yake na kuihifadhi kama taswira, halafu inaiondoa mashine ya muda na ufunguo wake. Unabaki na taswira ya mashine. Kwa Amazon wanaiita AMI. Kutoka hapo ukitaka seva moja au kumi, zote zinazaliwa zikiwa tayari, zimefanana.

Mama alipotaka kujua ninachohangaika nacho, nilimweleza kwa chapati na akaelewa kuliko baadhi yetu darasani. Usiku anakanda unga, anauacha ulale. Alfajiri wateja wakija hapimi tena unga wala chumvi, anakata donge, anasukuma, anachoma. Taswira ni donge lililolala. Kabla ya hapo mimi nilikuwa napima unga mteja akiwa amesimama na njaa, tena bila kukumbuka vipimo.

Msidhani ilikubali mara moja. Niwape makosa yangu ili nyie mfanye mapya yenu.

La kwanza, kiolezo kilikufa kwenye hatua ya kusakinisha, kinalalamika kuhusu kufuli la dpkg. Nikakirudia, kikapita. Nikakirudia tena, kikafa. Kitu kinachokubali leo na kukataa kesho ndo kinachomtia mtu wazimu. Kumbe Ubuntu ikiwaka kwenye wingu kwa mara ya kwanza ina shughuli zake za nyuma, cloud-init inajipanga, na mimi naingia kwa pupa kusakinisha vyangu wakati yenyewe haijamaliza. Dawa ni kuweka cloud-init status --wait mwanzoni kabisa mwa skripti. Yaani piga hodi, subiri ukaribishwe.

La pili, jina. Huwezi kutengeneza taswira mbili zenye jina moja ndani ya eneo moja kwenye akaunti moja. Weka tarehe na saa kwenye jina, utanishukuru. Na taswira ya Cape Town haionekani kwenye eneo la Ireland mpaka uinakili huko. Nilipoteza nusu siku naitafuta taswira ambayo haikupotea, mimi ndo nilikuwa nimefungua eneo jingine.

La tatu, umeme. Kazi yenyewe inafanyika kule kwenye wingu, kwa hiyo bando halili sana, ila Packer inayoiongoza iko kwenye laptop yako. Ikikosea katikati, inajisafisha yenyewe. Lakini laptop ikizima ghafla hakuna wa kusafisha, na ile mashine ya muda inabaki inawaka na kula hela. Ya kwangu ilikesha usiku mzima. Dada, kama unasoma hapa, ilikuwa senti chache, naapa.

La nne ndo baya kuliko yote. Kwa furaha yangu nikaingiza kila kitu kwenye taswira, pamoja na faili lenye nywila ya hifadhidata. Msimamizi akalifungua kiolezo changu, akasoma, akauliza, "Nani ana ruhusa ya kuijua hii nywila?" Nikasema mimi na mwenzangu. Akasema, "Na kila atakayeipata hii taswira. Na kila atakayeliona hili faili." Nilikuwa nimeshaliweka faili lile mtandaoni na msimbo wetu mwingine. Michango ya akina mama 23, mlango wazi, ufunguo umening'inizwa mlangoni. Nikabadilisha nywila siku hiyohiyo. Kuifuta tu kwenye faili haikutosha, maana toleo la zamani lilikuwa bado limo kwenye historia ya msimbo. Sasa nywila inapewa mashine wakati inawaka, haimo ndani ya taswira. Kwa lugha ya Mama: chumvi inaingia kwenye unga, lakini deni la mteja haliandikwi kwenye unga.

Na la tano dogo: ukiifuta taswira hakikisha na snapshoti zake zimefutwa, la sivyo unaendelea kulipia picha za diski zisizo na mwenyewe. Mimi nilikuta kumi na nne.

Mpaka mwishoni mwa Mei kiolezo kikatulia. Ile kazi ya siku nne ikawa dakika kumi na moja, na ule mstari wa saa ya Dar es Salaam upo mle ndani, mstari wa saba, na juu yake nimeandika maelezo ya kwa nini upo. Hifadhidata tukaitoa kwenye diski ya seva, ikakaa peke yake, na kila usiku nakala yake inakwenda kuhifadhiwa mahali pengine. Mara moja kwa wiki mwenzangu anairudisha nakala kwenye mashine tupu kuona kama kweli inafunguka. Yeye ndo alisisitiza hilo. Alisema nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Juni 2025 tukawasilisha. Mmoja wa wale wazee wa jopo, yule asiyechekaga, akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mnasema ikifa inarudi. Iueni tuone."

Wandugu, mkono ulitetemeka. Kitufe kilekile, swali lilelile, una uhakika? Nikasoma jina la mashine kwa sauti, maana siku hizi mashine zangu zina majina. Nikamtazama mwenzangu. Akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza. Ukumbini kimya. Tukawasha nyingine kutoka kwenye taswira, tukasubiri, mzee anaangalia saa yake ya mkononi. Dakika nne hazijatimia, ukurasa ukafunguka, na majina 23 yamo, na mchango wa mwisho ni wa asubuhi ile, saa sahihi. Mzee akavaa miwani. "Endeleeni," akasema. Kwa wanaomjua, hiyo ni pongezi.

Nimalizie na hili. Kwenye fani hii kuna msemo maarufu sana: seva isiwe kama paka wa nyumbani mwenye jina, unayempeleka kwa daktari akiumwa, iwe kama ng'ombe wa kundi, akiugua unamwondoa, unaleta mwingine, hakuna wa kulia. Nilipousoma nilicheka peke yangu hosteli mpaka wenzangu wakanishangaa. Aliyeutunga hajakaa na babu yangu. Babu anamjua kila ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Jioni kundi likirudi anajua nani hayupo kabla hajaanza kuhesabu, na hatakula mpaka apatikane.

Nilipokwenda likizo ya Pasaka, kidonda kikiwa bado kibichi, nilimsimulia yote. Akasikiliza. Akauliza kama wale akina mama walipata hesabu zao. Nikamwambia ndiyo. Halafu akanionyesha zizi lake. Miiba ile ameibadilisha mara ngapi hajui, fisi wamelibomoa, mvua imelilaza, na kila mara vijana wanalisimamisha tena kwa siku moja kwa sababu kila mmoja anajua linavyojengwa. "Zizi si kitu," akasema, "ng'ombe ndo kitu."

Nilielewa baadaye, kiolezo kilipotulia. Mimi nilikuwa nalipenda zizi, na ng'ombe nimewaacha nje usiku. Seva iandike, uwe tayari kuichoma siku yoyote. Lakini ule mchango wa elfu mbili wa msuka nywele wa Jumanne ya mvua, huo hauna kiolezo. Huo mtafute mpaka upatikane, hata kama ni kwa kukaa kwenye mkeka mpaka saa tatu usiku.

Haya, nimewachosha. Kikoba bado kinaendelea, na Mama amenunua daftari jipya. Anasema la akiba. Sikumbishia.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda na bando likiwepo. Alamsiki.